Herufi 93: maongezi yangu na wavuvi wa Kibirizi kuhusu tahadhari za simu

Haya ni maongezi niliyotoa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, siku za mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa wako nchi kavu na mtu unaweza kupata watu wa kukusikiliza. Kijana mmoja wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, alirekodi kwa simu, mimi nimekaa nikaandika kama nilivyoongea, nimetoa tu zile sehemu injini za boti zilikuwa zinatumeza sauti.

Shikamooni wazee wangu, mwidiwe kina mama, mambo vipi vijana. Mwenyekiti asante kwa nafasi. Mnanifahamu wengi, mimi ndo yule fundi simu wa kibanda cha pale juu, zile simu zenu zinazodumbukia ziwani alafu mnaniletea kwenye mfuko wa mchele mkidhani mchele ni dawa, mimi ndo nazifungua nakuta punje za mchele kwenye tundu la chaji. (Watu wanacheka.) Sasa leo sijaja kuongelea mchele. Nimeombwa niongee kuhusu zile tahadhari za dharura za kwenye simu, zinafanyaje kazi, na nimekubali kwa sababu nina deni na nyinyi, na deni lenyewe naanza kulitaja kabla sijaendelea.

Kuna ile voisi ilizunguka kwenye magrupu, mtu anaongea haraka haraka anahema, anasema ziwa litapanda saa saba usiku, mawimbi kama ya bahari, hameni sasa hivi wajulishe na wengine. Mnaikumbuka. Mimi niliipata saa moja jioni nikaifowadi magrupu matatu, sikuuliza, sikusikiliza mara ya pili, nilisema tu bora lawama kuliko fedheha. Kumbe. Kina mama walikuwa wameanika dagaa hapa mchangani, bado wabichi, wakawakusanya mbio mbio wakawashindilia kwenye magunia wakapanda nayo kilimani na watoto mgongoni, usiku kucha ziwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Asubuhi wale dagaa wamevunda ndani ya magunia, wamekuwa uji. Mama mmoja, yupo hapa simtaji, alikuja kibandani kwangu hajasalimia, akafungua kiganja akanimwagia dagaa waliooza juu ya kioo cha kabati langu la simu, akageuka akaondoka. Ile harufu ilikaa wiki nzima. Nikasema aisee, mimi fundi simu nashindwa kutofautisha tahadhari ya kweli na takataka, je hao ninaowatengenezea?

Ndo nikaanza kusoma na kuulizia. Ninayowaambia leo yanatoka huko.

Tuanze na meseji ya kawaida, maana wengi tunadhani tahadhari ni meseji tu kama meseji nyingine. Meseji inakwenda kwa namba. Ukituma kwa watu elfu moja, mtambo wa kampuni ya simu unaandaa meseji elfu moja, unatafuta namba moja iko mnara gani, unapeleka, unarudi, unatafuta ya pili. Ni kama mama anayepimia dagaa kwa kopo, foleni ndefu, kila mtu na kopo lake. Foleni ikiwa fupi hakuna shida. Lakini mnajua wenyewe siku ya Idd au usiku wa mwaka mpya, unamtumia ndugu yako heri saa sita usiku anaipata saa tisa, na kupiga simu ndo kabisa, haiingii. Sasa siku ya maafa ni kama Idd mara kumi, kila mtu anampigia mtoto wake, mke wake, mtandao unajaa, na hiyo meseji ya kukuokoa iko kwenye foleni hiyohiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupata meseji ya kujihadhari na mvua ya upepo wakati bati langu liko tayari kwa jirani, nilikuwa juu ya paa napigilia misumari simu ikalia mfukoni, nasoma, nacheka peke yangu kama chizi.

Ile nyingine ni tofauti. Wataalamu wanaiita selibrodikasti, mimi naiita tangazo la mnara. Hapa nataka mnisikilize vizuri maana hii ndo roho ya maongezi yote. Tangazo la mnara haliendi kwa namba. Mnara unatamka mara moja, na kila simu iliyo chini ya mnara ule inasikia kwa pamoja, zikiwa simu kumi au simu elfu hamsini ni kitu kilekile kwake. Chukulia adhana. Muadhini hana orodha ya majina, hajui nani yuko nyumbani nani yuko sokoni Mwandiga, anaadhini, aliye karibu na spika kasikia na aliye mbali hajasikia, na waumini wakiongezeka mara mbili muadhini hachoki zaidi. Ndo hivyohivyo. Kwahiyo hata mtandao ukiwa umejaa kiasi kwamba huwezi kupiga, tangazo la mnara linapita, lina njia yake pembeni.

Na halihitaji bando. Halihitaji salio. Una shilingi sifuri kwenye laini, unasikia. Kuna mzee aliniuliza hapo nje kabla hatujaanza, je hawa watakuwa wanatufuatilia tuko wapi? Hapana mzee wangu, mnara hauulizi, laini yako umeisajili kwa alama za vidole hiyo ni habari nyingine kabisa, hapa mnara unatamka tu na haupati jibu. Hata waliotuma hawajui nani kapata nani hajapata. Hiyo kwa upande mmoja ni raha na kwa upande mwingine ni shida, maana mtumaji hawezi kujua kama kijiji kizima simu zimezima chaji.

Linavyosafiri ni hivi, nitaenda haraka hapa. Ofisi yenye mamlaka inaandika ujumbe, inachora kwenye ramani eneo linalohusika, ujumbe unaingia kwenye mitambo ya kampuni za simu, kila kampuni na wake, mtambo unaangalia minara gani iko ndani ya lile eneo, inaiamrisha itangaze. Ni sekunde chache. Mnara unarudia rudia kwa muda waliopanga, kila ujumbe una namba yake ya utambulisho ndani, simu ikishauonyesha mara moja ikiusikia tena inanyamaza, ndo maana haikusumbui mara arobaini. Na huo urudiaji una faida, ukiwa simu imezima ukaiwasha wakati tangazo bado linaendelea, unalipata. Ila likishamalizika limemalizika. Meseji inakusubiri hata siku mbili, tangazo la mnara halikusubiri, na ni vizuri, hutaki kuambiwa kimbia kesho yake.

Sasa njooni kwetu. Nani hapa amewahi kwenda Kagunga simu ikamwambia karibu Burundi? (Mikono mingi.) Mnaona. Hujavuka mpaka, uko Tanzania umekalia jiwe la Tanzania, simu imeshika mnara wa ng'ambo. Na wanaovuka ziwa, ukisogea mbele unakaribishwa Kongo. Sisi hilo tunaliona ni usumbufu wa kukatwa hela, lakini kwenye tahadhari lina maana kubwa, kwa sababu nimeshawaambia tangazo linafuata mnara halifuati namba. Ukiwa umeshika mnara wa Burundi utasikia matangazo ya Burundi, yakitolewa, hata kama laini yako umeinunua Ujiji, na yanaweza kuja kwa Kirundi au Kifaransa. Na Mrundi aliyeleta mzigo hapa Kibirizi akiwa ameshika mnara wetu, letu likitolewa linamfikia. Kwahiyo nyinyi mnaovua mpakani mwisho kabisa msije kushangaa mwenzako aliye mita mia mbili kutoka kwako amelia simu na wewe hujalia, yeye kashika mnara huu wewe umeshika ule. Pigianeni kelele. Mtu akiona boti ya jirani inawasha na kuzima taa isivyo kawaida asidhani wanacheza.

Alafu kuna umbali. Mnara wa ile teknolojia ya zamani ya 2G, ya vitochi vyetu, zile simu ndogo za vitufe, mwisho wake kwa kawaida ni kama kilomita 35. Na sio kwamba nguvu inaisha, hapana, ni saa, simu na mnara vinapeana zamu za kuongea kwa vipande vidogo sana vya muda, ukiwa mbali zaidi ya hapo sauti yako inafika kwa kuchelewa inaingia kwenye zamu ya mwenzako, mnara unaikataa. Nchi kavu hufikii hizo 35 maana milima na miti vinakula mawimbi, ila juu ya maji hakuna kitu cha kuzuia, ndo maana unashangaa uko mbali ziwani unaona taa za Kigoma kama nyota na simu ina vistari viwili. Ziwa letu upana wake kama kilomita 50, kuna sehemu nyembamba zaidi na sehemu pana zaidi. Kwahiyo wavuvi wengi wa dagaa mnaokaa upande wetu mmo ndani ya sauti ya mnara. Ila simu mmeiweka wapi? Najua mlipoiweka, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya dumu, ndani ya koti la nahodha, imezimwa ili chaji ifike asubuhi mpigie wanunuzi. (Vicheko.) Sasa hapo hata mnara ulie mpaka ukauke.

Sasa tufanye kitu. Nilikuja na ubao huu kwa sababu hii. Ukurasa mmoja wa tangazo la mnara unabeba herufi 93, ukihesabu na nafasi na nukta. Unaweza kuunganisha kurasa mpaka 15, lakini Wamarekani walipoanza na wao mwaka 2012 waliweka herufi 90 tu, ukurasa mmoja, baadae mwaka 2019 ndo wakaruhusu 360. Na sisi tuna bahati moja ndogo, Kiswahili hakina herufi zenye vikofia wala maandishi ya peke yake, kwahiyo tunazipata zote 93. Mwenye kuandika kwa Kiarabu au Kiamhari anapata kama 40 tu kwa ukurasa. Haya, tuandike sisi wenyewe tahadhari ya upepo wa ziwani kwa herufi 93 tuone kama ni rahisi.

Nikaandika ubaoni hivi:

UPEPO MKALI ZIWANI LEO SAA 8 USIKU MPAKA SAA 1 ASUBUHI. MSITOKE. MLIO ZIWANI RUDINI SASA.

Hizo ni 89. Nikajisifu kabisa, nikasema imetosha na chenji imebaki. Mzee mmoja nahodha wa siku nyingi akanyoosha mkono akasema fundi, wewe umeshawahi kupiga kasia kinyume na upepo wa kusini? Nikasema hapana. Akasema ukiniambia rudi sasa na mimi niko kaskazini ya kwangu, unanirudisha nipigane na upepo uso kwa uso, utaniua wewe na huo ubao wako. Mwambie mtu ashike ufukwe wa karibu, wowote, hata kama sio kwao, akalale huko. Mwalo mzima ukapiga makofi. Mimi nikafuta.

Bado nafuta, mama mmoja nae akauliza, leo saa nane usiku ni ipi? Yani usiku huu unaokuja au ule uliopita, maana saa nane usiku ni kesho tayari. Na kijana akadakia, simu ikiandika 02:00 si tutajua saa mbili, saa mbili usiku tunakula ugali, tunasubiri upepo hauji, tunaingia ziwani saa nne tunasema wametudanganya. Jamani hapo nikakaa chini kwenye ndoo. Hicho kitu mimi nisingekifikiria, na nina wasiwasi kuwa mtu aliye ofisini na kompyuta yenye saa za kizungu nae hatakifikiria. Tukaandika upya pamoja, hii hapa:

UPEPO MKALI ZIWANI USIKU KUAMKIA JUMATANO. MSITOKE. MLIO NDANI SHIKENI UFUKWE WA KARIBU.

Herufi 88. Zimebaki tano. Kuna waliotaka tuongeze "TAHADHARI" mwanzoni, haiingii, na mi naona haina haja, simu inayolia kama king'ora tayari imeshasema tahadhari.

Maana mlio wake nao ni wa peke yake. Sio mlio wa meseji, ni mlio mkali wa kukatika katika na simu inatetemeka kwa mtindo wake, na maandishi yanaruka mbele ya kioo yanakaa hapo mpaka ubonyeze umeyaona. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwenye nchi nyingi ile ngazi ya juu kabisa mwenye simu hawezi kuizima kwenye setingi, ngazi za chini anaweza. Na Waingereza walipofanya jaribio lao la nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023, saa 9 alasiri simu zote zilie sekunde kumi, kuna watu walitoa angalizo ambalo mi niliona la busara sana, walisema kuna wanawake wanaopigwa majumbani wana simu ya pili wameificha waombee msaada, ile simu ikilia chini ya godoro mume atajua. Wakawafundisha namna ya kuizuia kwenye setingi. Kwahiyo hata kitu kizuri kama hiki lazima uulize kitamuumiza nani.

Na kulia peke yake hakutoshi, lazima ilie kwa wakati. Valencia huko Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024, watabiri wa hali ya hewa walishatoa tahadhari nyekundu tangu asubuhi, mvua ikapiga mchana kutwa, mito ikafurika, na tangazo la simu likaja kutumwa saa 2 na dakika 11 usiku. Saa 2 na dakika 11! Wakati huo watu wako juu ya mapaa ya magari, wengine maji yameshawachukua, simu ndo inalia kwamba msitoke nje. Walikufa zaidi ya watu 220. Mitambo ilikuwepo, minara ilikuwepo, ujumbe uliandikika, kilichokosekana ni mtu wa kubonyeza mapema. Nalisema hili kwa sababu tunapenda sana kulaumu mitambo.

Na kubonyeza vibaya nako kupo. Hawaii, tarehe 13 Januari 2018, saa 2 na dakika 7 asubuhi, simu za visiwa vyote zikalia kwamba kombora linakuja, tafuteni pa kujificha, hili sio jaribio. Kuna waliowaingiza watoto kwenye mashimo ya mitaro ya barabarani. Ilikuwa ni makosa ya mfanyakazi kwenye zamu. Wakachukua dakika 38 kutuma kwa njia ileile kwamba tumekosea. Mimi nikisoma hiyo habari nakumbuka dagaa kwenye kioo cha kabati langu, tofauti ni kwamba wao walisahihisha kwa dakika 38 na mimi ilinichukua mpaka asubuhi.

Tetemeko je? Kijana aliuliza, nikasema swali zuri kwa watu wa hapa, sisi tumekaa juu ya ufa, bonde hili la ufa ndo limechimba ziwa lenyewe likawa na kina cha karibu mita 1,470. Wakubwa mnakumbuka tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa 6.8, kitovu humuhumu ziwani upande wa kusini, Kalemie kule Kongo nyumba zikaanguka na huku kwetu vyombo vikadondoka makabatini. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia tetemeko litatokea kesho, akikuambia huyo ni wa kwenye voisi. Kinachowezekana ni mbio. Mtikisiko ule mbaya unatembea ardhini kama kilomita tatu na nusu kwa sekunde, wakati taarifa ya mtambo inatembea kwa kasi ya umeme. Tetemeko likianzia kilomita 100 kutoka hapa, una sekunde zisizozidi 28 kabla halijakufikia. Wajapani wanatumia hizo sekunde tangu 2007, vipimo vinanusa mtikisiko wa kwanza ule mdogo unaotangulia, simu zinalia, mtu anaingia chini ya meza, treni zinafunga breki. Sekunde 28 hazikutoshi kuvaa viatu. Zinakutosha kumvuta mtoto mbali na ukuta wa tofali mbichi.

Hapa nchini wanaotoa utabiri na tahadhari za hali ya hewa ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na wana rangi zao, njano, chungwa, nyekundu, mnazisikia redioni. Kuna sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022, na Umoja wa Mataifa tangu mwaka huohuo 2022 umeweka lengo kila mtu duniani awe ndani ya mfumo wa tahadhari ifikapo mwisho wa 2027. Tope lilipoporomoka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 likauzoa mji wa Katesh asubuhi mapema, likaua zaidi ya watu 80, nadhani kila Mtanzania alielewa kwanini hayo mambo yanaongelewa.

Matapeli sasa, nisiwasahau ndugu zangu wa ile hela tuma kwenye namba hii. Tahadhari ya kweli haikuombi hela, haikuombi namba ya siri, haikuambii bonyeza hapa ujaze jina, na haikuambii fowadi kwa watu ishirini. Inasema nini, wapi, lini, fanya nini. Basi. Ukiona voisi haina tarehe, haina mahali, mtu anahema tu, weka simu chini, fungulia redio, muulize mwenyekiti, mpigie mtu aliyeko huko inakosemekana. Dakika tano. Mimi zile dakika tano ningezitumia, lile deni nisingekuwa nalo.

Mama mmoja wa mwisho aliuliza swali ambalo nililiogopa, akasema mimi sina simu, ile ya mume wangu anakwenda nayo ziwani, sasa hicho king'ora chenu kinaniambia nini mimi niliyebaki na watoto na mto unapita nyuma ya nyumba? Nikamjibu ukweli, kwamba mnara unaishia kwenye simu, kutoka kwenye simu mpaka kwako ni mdomo wa mtu. Tukakubaliana palepale na mwenyekiti. BMU itakuwa na simu mbili ambazo hazizimwi usiku, za laini za kampuni mbili tofauti, maana mnara wa huyu ukizima jenereta wa yule unaweza kubaki, na sisi Kigoma habari za jenereta tunazijua. Zitachajiwa kwa ile betri ya sola ya taa za kuvulia ambayo siku za mbalamwezi imekaa bure. Mwenye zamu akisikia king'ora anakwenda msikitini anawasha spika, mwenzake anagonga kengele ya kanisani, na anasoma kilichoandikwa vilevile, kwa Kiswahili alafu kwa Kiha, haongezi chumvi. Wazee wa msikiti wamekubali, wa kanisani walisema watajibu Jumapili.

Haya tumalize, nimewachosha na jua limekuwa kali. Leteni simu hapa mezani moja moja niziangalie. Zile za kupangusa tunaingia kwenye setingi, sehemu ya usalama na dharura, tunaangalia kama tahadhari zimewashwa, nyingine nikifungua nakuta mtoto alishazima zote. Vitochi navyo vileteni, vingine vina menyu ya matangazo ya mtandao imefungwa tangu dukani. Tuanze na wewe nahodha wangu uliyenifutisha ubao. Hii vipi, imezima? Tangu lini? ... Tangu Ijumaa. Jamani nani ana chaji ya pini nyembamba?